Karatasi Niliyokataa Kutia Saini



Naomba unipe nafasi katika jarida letu niseme jambo ambalo limenikaa kooni tangu mwezi wa tatu. Mimi si mwandishi. Kazi yangu ni maji: mabomba, mifereji, na namna ya kuyaelekeza maji ya mvua yasiingie sebuleni kwa watu. Nimeifanya kazi hiyo hapa Uingereza kwa karibu miaka thelathini, na wengi wenu mnanijua zaidi kwa kunipigia simu boila zenu zinapogoma, ingawa nimeshasema mara nyingi kwamba boila si fani yangu. Kwa hiyo nikikosea utaratibu wa kuandika, mnisamehe. Nikikosea hoja msinisamehe, nijibuni katika toleo lijalo.

Kisa chenyewe ni hiki. Shule moja ya msingi huku kwetu mashariki mwa London, ambako wanasoma watoto wengi wa jamii yetu, na kitinda mimba wangu akiwa mmoja wao, ilileta barua kwa wazazi wa darasa la tatu. Barua ilisema kwamba kwa wiki sita, kila Jumatano mchana, watoto watasoma nje, kwenye miti na nyasi za Wanstead Flats, wakiwa na mwalimu wao pamoja na mtu aliyesomea kazi ya kufundisha watoto msituni. Waje na buti za mpira na nguo za kuchafuka. Basi, ukurasa mmoja.

Siku tatu baadaye nikaletewa barua nyingine, hii ya kwetu wenyewe, imeandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko hata cha shule. Wazazi kumi na mmoja walikuwa wameshatia saini. Walimwomba mwalimu mkuu watoto wao wabaki darasani Jumatano hizo na wapewe hesabu. Ndugu aliyeileta ni mtu ninayemheshimu, tumefuturu pamoja miaka mingi. Akaniambia, "Kaka, wewe ni injinia. Saini yako itakuwa na uzito. Hatukuwaleta watoto Ulaya waje wachezee tope. Tope tumeliacha kwetu."

Nikakataa. Akaondoka bila kumaliza chai. Wiki mbili baadaye, kwenye harusi, nikasikia kwamba siku hizi nimekuwa Mzungu. Haya. Mzungu huyu ana maneno, naomba mumsikilize.

Kabla ya kubishana na mtu nilifanya jambo moja ambalo nadhani hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na mmoja aliyelifanya. Nilichukua likizo ya nusu siku nikaenda kuangalia. Shule inahitaji wazazi wa kusindikiza watoto, hukataliwi. Nikavaa koti la kazini na buti zangu za kiwandani, nikajipanga nyuma ya mstari wa watoto thelathini.

Kitu cha kwanza walichofanya ni kupima urefu wa mti bila kuupanda. Kila mtoto alitafuta kijiti kilicho sawa na urefu wa mkono wake, akakinyoosha wima mbele yake, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ncha ya kijiti ikalingana na kilele cha mti na mwisho wa kijiti ukalingana na shina. Hapo aliposimama, umbali kutoka yeye hadi kwenye mti ndio urefu wa mti. Wakapima kwa utepe. Wakabishana, maana mmoja alipata mita 14 na mwingine mita 19. Mwalimu hakuwaambia nani kapatia. Aliwauliza kwa nini majibu yametofautiana, na kwa dakika kumi nzima watoto wa miaka minane wakawa wanajadili makosa ya vipimo. Ndugu zangu, hiyo ni pembetatu zinazofanana. Ni hesabu ambayo sisi tulikaririshwa ubaoni tukiwa sekondari na wengi wetu tukaisahau siku ya pili baada ya mtihani. Barua yetu inaomba watoto watolewe kwenye hesabu hiyo ili wapewe hesabu!

Baadaye wakafika kwenye mfereji mdogo uliojaa maji kwa mvua ya usiku, wakaanza kuupiga bwawa kwa vijiti, majani na tope. Bwawa likavunjika. Wakajenga tena, likavunjika palepale. Mwanangu akanigeukia, "Baba, mbona maji yanachimba hapa chini tu?" Mwalimu naye akaniangalia, akanisubiri nijibu.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Nyumbani kwangu, usiku wa kazi za shule, mimi ni mwanafunzi mbaya. Mtoto ananisahihisha matamshi. Njia yao ya kugawanya siijui, ile niliyofundishwa mimi anaiita ya zamani. Nikimsomea kitabu ananipokonya amalizie mwenyewe. Sasa pale mfereji­ni, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya shule, kuliulizwa swali ambalo baba yake alikuwa na jibu lake, na jibu hilo sikulipata chuo kikuu.

Nililipata Pangani. Wakati wa masika, maji yalikuwa yakiteremka kando ya njia ya shuleni kwetu kwa kasi, na sisi tulikuwa tukiyazuia kwa magogo ya migomba. Maji yakiruka juu ya gogo yanateremka membamba na ya haraka, halafu ghafla yanavimba, yanajipindua na kuchemka, na hapo chini yake mchanga unaliwa. Ukitaka bwawa lako lidumu, weka mawe pale yanapoangukia, usihangaike na gogo. Tulilijua hilo tukiwa na kaptula zilizotoboka. Miaka kumi na kitu baadaye, katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Uingereza, tulisimamishwa mbele ya mfereji wa vioo katika maabara, na mhadhiri akauliza maji yatafanya nini chini ya kizuizi alichokiweka. Wenzangu waliotoka shule nzuri walianza kutafuta mlinganyo. Mimi nilionesha kwa kidole. Mlinganyo niliufahamu baadaye, na niliufahamu upesi, kwa sababu ulikuwa unaeleza kitu nilichokwisha kukiona. Wale waliouanza mlinganyo kwanza, baadhi yao mpaka leo ukiwapeleka kwenye mtaro halisi wanasimama kama wageni.

Sasa, kwa nini sisi, watu tuliolelewa hivyo, ndio tunaoongoza kutia saini? Nimelifikiria sana jambo hili na sidhani kama ni hesabu. Nadhani ni jembe.

Nilianza darasa la kwanza 1978, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kwa wote kuanza kutekelezwa Tanzania. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, na ukiisoma leo utashangaa. Inataka shule iwe na shamba, lakini inataka pia sifa za mbolea zielezwe katika somo la sayansi kisha wanafunzi wazione zikifanya kazi shambani, na inataka wanafunzi washiriki kupanga kazi na waone faida yake. Kwa maneno mengine, shamba ni kitabu. Ni wazo ambalo Wazungu wanaliuza leo kwa bei kubwa.

Tulichokipata wengi wetu ni kitu kingine. Tuliambiwa tuje na jembe na kidumu cha maji. Aliyechelewa aling'oa kisiki. Aliyepiga kelele alifyeka. Mahindi yalipokomaa hatukujua yalikwenda wapi, na kuni tulizokusanya Ijumaa tulizikuta Jumatatu nyuma ya nyumba ya mwalimu. Hakuna aliyetuuliza kwa nini mstari huu umeota na ule haukuota. Kazi ya nje ilikuwa adhabu, na aliyefaulu alikuwa ni yule aliyeondoka kwenye jua akakaa kivulini na kalamu. Kidato cha nne ukifeli unaambiwa, "rudi ukalime." Basi tukafaulu, tukakimbia, tukapanda ndege. Wengine tulipofika huku tukabeba boksi miaka kadhaa, tukasafisha ofisi alfajiri, tukaosha wazee, na kila siku tulijiambia kwamba mtoto wangu hatashika uchafu. Mimi pia nilijiambia hivyo. Kwa hiyo barua ya shule inaposema "nguo za kuchafuka", mzazi hasomi habari za sayansi. Anasikia kengele ya shamba.

Naielewa hasira hiyo, ni yangu pia. Lakini mtoto wa darasa la tatu wa Forest Gate hakuwahi kung'oa kisiki cha mtu. Tunamlipisha deni asilolikopa.

Wapo wanaosema huu ni mtindo wa Wazungu matajiri waliochoka na starehe. Hapa naomba niwe mkali kidogo, kwa sababu ni kutojua. Mwaka 1904, huko Charlottenburg karibu na Berlin, ilifunguliwa shule ndani ya msitu wa misonobari kwa watoto dhaifu wa mjini, waliokuwa wakikohoa katika vyumba visivyo na hewa. Mwaka 1907 halmashauri ya London ikaiga, ikafungua shule ya namna hiyo Bostall Wood, Plumstead, ng'ambo tu ya mto kutoka hapa tulipo. Mwaka 1914 akina dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, wakafungua shule ya watoto wadogo ya bustanini kule Deptford, mtaa wa makuli na mabaharia. Hao hawakuwa watoto wa mabwana. Walikuwa watoto wa watu waliokaa chumba kimoja familia nzima, kama baadhi yetu tulivyokaa tulipofika. Hizi zinazoitwa sasa shule za msituni ziliingia England baada ya walimu wa chuo cha Bridgwater, Somerset, kwenda Denmark 1993 na kurudi na wazo. Zilipoonekana zinafaa, ndipo wenye uwezo nao wakazitaka, na sasa kuna shule za kulipia zinazojitangaza kwa picha za watoto wenye tope mashavuni. Sisi tunapewa bure, tunaandika barua ya kukataa.

Hata ardhi yenyewe ina historia. Wanstead Flats ni sehemu ya kusini kabisa ya Epping Forest. Mwaka 1871 wenye mashamba makubwa walikuwa wanaizungushia uzio, na watu wa kawaida wa mashariki mwa London walikusanyika pale kwa maelfu kupinga, na uzio ukavunjwa. Miaka saba baadaye, 1878, Bunge likapitisha sheria ya kuuweka msitu wote chini ya City of London ubaki wazi kwa umma. Umma ni pamoja na wewe unayekaa Manor Park na ambaye, niruhusu nikisie, hujawahi kuvuka barabara ukaingia. Pale katika majira ya kuchipua kuna sehemu zinazofungwa kwa kamba kwa ajili ya ndege mdogo wa kahawia anayeitwa skylark, anayetaga chini kwenye nyasi, na wenyeji huja kusimama kumsikiliza akiimba angani. Sisi tunapita na basi.

Nirudi kwenye hesabu, maana najua ndipo roho zilipo. Tunawasifu sana Wachina. "Angalia watoto wa Kichina wanavyosoma." Sawa, tuwaangalie. Katika mji wa Guangzhou, shule za msingi 12 ziligawanywa mafungu mawili. Watoto wa darasa la kwanza wa fungu moja waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, wa fungu la pili waliendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, kati ya wale wa kawaida, asilimia 39.5 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Kati ya wale waliotoka nje, asilimia 30.4. Matokeo yalichapishwa 2015. Taiwan nao, tangu 2010, wamekuwa wakizihimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku kwa sababu hiyohiyo ya macho. Nchi zinazoongoza kwa hesabu zimeona zinapofusha watoto wao, zikafungua milango. Sisi ndio kwanza tunaomba mlango ufungwe. Na siisemi hapa habari ya vitamini D, ambayo kila daktari wa mtaa ameshamwambia kila mmoja wetu mwenye ngozi kama yangu.

Pia, kwa wale wanaodhani kwamba mti si somo: mtaala wa taifa wa England unataka mtoto wa darasa la kwanza awe anaweza kutambua na kutaja mimea ya kawaida, na kutofautisha miti inayopukutisha majani na isiyopukutisha. Imeandikwa. Tatizo ni kwamba mtihani wa taifa wa sayansi kwa darasa la sita, ambao kila mtoto alikuwa akiufanya, uliondolewa baada ya 2009, na sisi kitu kisicho na mtihani tunakihesabu kuwa hakipo. Huo ni ugonjwa tuliotoka nao nyumbani, Waingereza hawakutuambukiza.

Sasa niwatendee haki wenzangu, kwa sababu si kila waliyosema ni upuuzi.

Mama mmoja alisema siku ya mwisho watoto huchoma zile peremende laini nyeupe motoni, na nyingi zina jelatini ya nguruwe. Ni kweli, na ni haki yake kuuliza. Lakini je, alimuuliza mwalimu? Nilipomuuliza mimi, alishukuru, akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Siku ya mwisho, kwenye kona ya miti nyuma ya uwanja wa shule (maana Wanstead Flats moto ni marufuku, na tangu ule moto mkubwa wa nyasi wa Julai 2018 hakuna asiyejua sababu), nilipeleka mahindi. Watoto thelathini wa kila taifa walikula mahindi ya kuchoma kwa ndimu na chumvi, pilipili kwa anayetaka. Wawili walitaka. Mmoja alilia, akarudi kuomba tena.

Wengine waliogopa kupe, na kupe wa huku kweli wanaweza kuleta ugonjwa. Dawa yake ni suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi, na kumkagua mtoto jioni. Bibi zetu walitukagua funza kila siku na hawakufunga milango. Wengine wanasema baridi. Mtoto anayekimbia haoni baridi, anayeiona ni mzazi aliyesimama, naweza kuapa.

Lipo pia lile ambalo halikuandikwa kwenye barua, lakini baba mmoja aliniambia faraghani: kwamba mtu mweusi akiingia kwenye misitu ya hawa watu anatazamwa. Hili sitalifanyia mzaha. Nimetazamwa. Mwaka fulani, nikiwa na vifaa vyangu vya kupimia maji na kitambulisho shingoni, niliulizwa na mwenye mbwa nimepoteza nini pale. Lakini jibu la kutazamwa ni nini? Nikikaa ndani, mwanangu naye atakuwa mgeni, na mwanawe pia. Mtoto aliyepima mti ule akiwa na miaka minane, pamoja na darasa zima, akiulizwa akiwa na miaka thelathini atakuwa na la kujibu. Mimi nilionesha kitambulisho.

Na mimi nina kosa langu, nisije nikaonekana nahubiri kutoka mimbari safi. Binti yangu mkubwa alipokuwa darasa la sita, shule yake iliandaa safari ya siku tano kambini, mashambani. Nilikataa. Nilisema hatukuja huku kulala porini, na nilikuwa na fedha, wala hilo halikuwa tatizo. Akabaki shule wiki nzima, akawekwa na watoto wa darasa la tano, akipaka rangi michoro. Sasa ana miaka 27, ni mhasibu, mtoto mzuri, hajanikosea adabu hata siku moja. Mwaka jana tulipokuwa tunaosha vyombo aliniambia tu, "Baba, waliporudi walikuwa na utani wao. Sikuuelewa mpaka tulipomaliza shule." Nikaendelea kufuta sahani. Nilikuwa sina cha kumwambia.

Ninalo ombi moja, na hili ni kwa kamati ya darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, ambayo mimi mwenyewe ni mjumbe wake na ambayo mwezi uliopita ilikataa pendekezo langu kwa kura sita kwa mbili. Tunakodi ukumbi usio na dirisha. Tunawapa watoto karatasi yenye picha ya mti, chini imeandikwa "mti". Picha ya ndege, "ndege", na nusu ya watoto wanafikiri ni ile ya Emirates. Baada ya miaka mitatu mtoto ana mti mmoja na ndege mmoja. Kiswahili chenye mwaloni na mkoko, kunguru na korongo, kindi, mbayuwayu, kitambaazi na kichaka, tumekiacha nje ya mlango pamoja na buti. Halafu tunalalamika kwamba watoto hawakipendi. Waingereza wenyewe yamewafika: kamusi ya watoto ya Oxford ya 2007 iliondoa majina ya mimea na ndege wa kawaida, tunda la mwaloni likiwa mojawapo, ikaingiza maneno ya kompyuta, na waandishi wao wakubwa wakaandika barua ya kulalamika 2015. Wao wana lugha ya kuchezea. Sisi huku tuna saa mbili kwa wiki.

Tuzitoe nje hizo saa mbili. Mwanzoni mwa mwezi wa tano wale mbayuwayu weusi wenye mbawa kama mundu huja kuzunguka mapaa ya mitaa yetu wakipiga kelele, na kabla mwezi wa nane haujaisha wengi wameshaondoka. Waliofungwa vifaa vidogo vya kufuatilia safari zao walionekana wakikaa majira ya baridi huko bonde la Kongo. Tuna akina mama wa Kongo katika jamii yetu, wanajua mengi kuhusu mahali ndege hao wanapotoka, na sijawahi kuona hata mmoja akialikwa kusimama mbele ya watoto akasema.

Na kuna mto. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini alijua siku ya kwenda mwambani kutafuta pweza bila kuangalia kalenda. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, mwamba unabaki wazi. Katikati ni maji mafu, usijisumbue. Na kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana, karibu dakika 50. Nilikuwa na miaka sita nikijua kukadiria kesho maji yatajaa saa ngapi, na hapo sijaanza shule. Pangani bamvua hupandisha maji zaidi ya mita 3. Hapa, mto Thames ulio nyuma ya nyumba zetu, hupanda zaidi ya mita 6 wakati wa bamvua, mara mbili kwa siku, mwezi uleule wa bibi yangu, na watoto wetu wamezaliwa kando yake wakidhani maji ya mto yanakwenda upande mmoja tu. Pale Woolwich kuna pantoni, ya bure, imekuwapo tangu 1889. Yeyote aliyewahi kuvuka Pangani kwa pantoni kwenda Bweni anaweza kufundisha somo zima pale bila ubao. Wapo wazee wetu kutoka Lamu, Kilwa, Pemba, waliokuwa manahodha au watoto wa manahodha, wanaokaa ghorofani Barking wakiangalia televisheni, na wajukuu zao hawajui kwamba babu ana elimu.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, nitakuwa upande wa kaskazini wa pantoni ya Woolwich nikiwa na fimbo ndefu iliyowekwa alama za nusu mita kwa rangi nyekundu. Tutasoma maji kila baada ya dakika ishirini, watoto waandike wenyewe, mpaka saa nane, na mzee mmoja kutoka Pemba amekubali kuja kuwaambia majina. Si shughuli ya kamati. Watoto waje na koti, kalamu na chakula chao. Ndugu yangu uliyeniachia chai, na wewe nakualika, na ile karatasi njoo nayo, tutahitaji kitu cha kuandikia nyuma.